Kimya Baada ya Shija

Wajukuu zangu, na nyie vijana wengine mnaosoma huku dole gumba linatafuta pa kuteleza, tulieni kidogo. Habari yenyewe haina video.

Juzi mjukuu wangu Neema alinijia mbio. Huko duniani, ananiambia, wametengeneza akili mnemba inayoweza kusema kwa sauti ya mtu aliyekufa. Unaipa vipande vichache vya sauti yake, yenyewe inashona vilivyobaki, na marehemu anakuimbia hata wimbo uliotoka jana. "Bibi, dunia imefika pabaya," akasema. Nikamwuliza hiyo akili mnemba inatumia umeme au mawe. Hakunielewa, mtoto wa umeme huyo. Mawe ni betri za redio, na sisi Mpanda tuliongea na wasiokuwepo kwa mawe yaliyokwisha kuanikwa juani asubuhi ili yapate nguvu ya kumalizia siku.

Karibu miaka yote ya tisini nilifanya kazi katika kibanda cha Fundi Bukuru, jirani na stesheni ya reli. Bukuru alikuwa mtu wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, kwao Burundi, mpole, mwenye vidole vilivyoungua kwa risasi ya kuchomelea. Yeye alitengeneza redio, mimi nilirekodi barua za kaseti. Mtu ambaye hakujua kuandika, au aliyetaka ndugu zake wamsikie badala ya kumsoma, alikuja, akakaa kwenye kigoda, akaongea na maiki. Kaseti tuliitia kwenye bahasha na kumpa msafiri wa treni. Ndizo hizo hizo voisi mnazotumiana leo, ila zetu zilifika baada ya majuma, na hakukuwa na tiki za bluu za kumpandisha mtu presha.

Mambo yenu mengi ni ya zamani yaliyopakwa rangi. Ule ujumbe wa "tuma kwa watu kumi la sivyo utapata mkosi" ulikuwepo, ukiandikwa kwa mkono na kunakiliwa hadi maneno yanapoteza maana. Bukuru aliletewa mmoja akaufungia misumari. Na huo ugonjwa wenu wa kupiga picha na kuifuta kwa sababu "hapa sijatokea vizuri" ulianzia kibandani kwetu. Mtu akisikia sauti yake kwa mara ya kwanza alikataa katakata. Kuna mfanyabiashara wa mchele, mtu mzima na tumbo lake, aliisikiliza, akainuka, akasema, "Huyo si mimi, na huyo mtu akija hapa tena mniite." Alipotoka alikuwa anageuka geuka nyuma.

Tulicheka sana. Lakini kazi ile ilikuwa na upande mwingine, na huo ndio uliobaki na mimi.

Kwanza muelewe ufundi wake. Kabla ya kurekodi ni lazima ujaribu sauti. Ukimwambia mtu ahesabu moja, mbili, tatu, atahesabu kama yuko darasani na mwalimu ameshika fimbo. Akianza barua yenyewe sauti inabadilika, na vipimo vyako vyote vimeharibika. Bukuru aligundua dawa. Alimwambia mteja, "Taja jina lako, halafu sema leo umekula nini." Hakuna mtu anayetaja chakula chake kwa sauti ya kuigiza. Majaribio hayo tuliyarekodi kwenye kaseti za kibandani, huyu baada ya yule, na baada ya kila mtu kanda iliachwa itembee kimya kidogo.

Mimi, kwa ubahili wangu, niliona tunaharibu kanda. Siku moja nikabonyeza kitufe mara tu mteja alipofunga mdomo. Bukuru akaniambia, "Mama Soste, usikate kimya. Mtu akifunga mdomo haina maana amemaliza."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Kumbe wateja wangu wa Kisukuma walilijua jambo hilo kabla ya Bukuru na redio zake. Hawa ni watu waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe zao, wakajaza mbuga za Mpimbwe huko Majimoto. Salamu yao ina hatua, na kila hatua inasubiri jibu. Mtu akisema "mwadila" anangoja. Akiuliza "mhola?" anangoja, uitikie kwamba kwako ni amani, ndipo aulize ng'ombe, watoto, mvua. Mbele ya maiki waliendelea kungoja vile vile. Walikitazama kile chuma, wakatikisa kichwa taratibu, wengine wakacheka kidogo, wakiitikia jibu la mtu aliye ng'ambo ya mapori ya Sitalike ambaye alikuwa bado hajaambiwa kitu. Na huko kaseti ilikofika, niliambiwa, familia ilikaa kuizunguka redio na kujibu kila salamu mahali pake. Nafasi zilienea sawasawa. Hazikupungua wala kuzidi.

Ndivyo alivyorekodi Shija.

Kwa Wasukuma, Shija ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mapacha wenyewe hawakuwahi hata kutembea, kwa hiyo mama yake alibaki na huyo mmoja tu. Kijana alikuja Mpanda kuuza mpunga, naye alipaswa kurudi Majimoto. Badala yake akakutana na wenzake waliokuwa wanakwenda kuchimba dhahabu, treni ikawa inaondoka siku ile ile, na barabara ya kwao ilikuwa imekatwa na masika. Akaja kibandani anahema. Akafanya jaribio, kisha akarekodi barua ya kumuaga mama. "Mwadila, mayu," akasema, yaani salamu za mchana, mama. Akangoja. Akaeleza anakokwenda, akauliza kama amekasirika, akangoja muda mrefu kuliko salamu zote, akacheka kwa aibu. Akaahidi kurudi baada ya mavuno. Barabara ilipofunguka, mimi mwenyewe nilipeleka bahasha kwa dereva wa lori la Majimoto, kwa mkono wangu.

Sikumwona tena Shija. Mavuno yakaja, mengine yakaja. Habari zikawa zile za mtu aliyesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu, kwamba kuna shimo lilititia huko machimboni. Nyie leo mngeandikiwa juu yake "imesambazwa mara nyingi". Sisi hatukuandikiwa chochote, tulishangaa tu.

Sasa ndipo mama yake alipokuja, ilikuwa asubuhi ya kiangazi, vumbi limetanda. Mwanamke mrefu, mwembamba, ana kaseti kaifunga kwenye kitambaa kama dawa.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto wangu ameanza kunyamaza humu ndani. Nitengenezee."

Nikadhani ni kichwa cha redio kimechafuka. Hilo ni jambo la pamba na spiriti. Nikaiweka kaseti kwenye deki na kuiwasha.

"Mwadila, mayu," akasema Shija.

"Mwadila, mwanangu," ikajibu sauti ya mwanamke, ndani ya kaseti.

Nikamtazama mgeni wangu. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

"Mhola?"

"Mhola duhu, kwema tu. Ng'ombe yule mwekundu kazaa, kaleta dume."

Shija akacheka. Sauti ya mama iliporudi, nyuma yake jogoo akawika, jogoo ambaye hakuwahi kuwepo kibandani kwangu. Nikasikiliza mama na mwana wakiongea mambo ya nyumbani, huyu anauliza, yule anajibu, kwa raha zao. Nikafurahi. Nikasema, "Kumbe alirudi, mama! Mlirekodi lini?"

"Hajarudi," akasema.

Bukuru aliyekuwa amechomeka waya mdomoni akautoa.

Nieleze ili msipotee. Nyuma ya kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, redio inakataa kurekodi juu yake, ndiyo maana kaseti za muziki huja bila meno. Za barua tuliziacha na meno yake, kwa sababu aliyepokea alitakiwa kujibu upande wa pili na kuirudisha. Lakini Mama Shija hakuwa na pa kuirudisha. Tena aliona ni utovu wa adabu. "Mtu anakusalimia, wewe unageuza kanda kwanza?" aliniuliza. "Mimi namjibu hapo hapo anaponingoja." Kwa hiyo kila Shija aliponyamaza, mama alibonyeza vile vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, akajibu ndani ya nafasi aliyoachiwa, akaachia.

Angejibu mara moja ingekuwa salama. Ila habari za nyumbani hazikai mahali pamoja. Ng'ombe mwekundu akafa. Mvua ikakataa, ikakubali. Dada wa ukoo akaolewa Sibwesa. Mwanao akikuuliza "kwema?" utamjibu habari za mwaka juzi? Kila palipokuwa na jipya alirudi akajibu upya juu ya jibu la zamani. Na mkono wa mtu hauna kipimo. Leo amechelewa kuachia kidogo, kesho amewahi kubonyeza kidogo. Kila jibu la mama lilitafuna ukingo wa neno la mwana.

Tukaendelea kusikiliza. Katikati ya kaseti Shija alikuwa amebaki nusu. Swali lilianza bila kichwa, au liliishia njiani. Sauti ya mama ikawa inazeeka na kurudi ujanani, kwa kuwa majibu mengine yalikuwa ya zamani na mengine ya mwezi uliopita, wanawake wawili wa umri tofauti wakimjibu mtoto mmoja. Kufika pale alipouliza kama mama amekasirika, swali lenyewe halikuwepo. Palikuwa na mama tu. "Sijakasirika. Sijakasirika, baba. Njoo." Halafu pumzi ya mtu mwingine, fupi, kama anataka kuanza kusema. Halafu mama tena.

Nilizima.

"Mrudishe," akasema.

Nikamweleza kwamba kilichorekodiwa juu yake kimekwisha, hakipo hata chini yake. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akauliza, "Nyie mafundi si mnasema sauti inakaa humu? Sasa imekwenda wapi?"

Nikaitoa kaseti kwenye deki, nikaigeuza mkononi.

"Basi nimemla," akasema polepole. "Watu walisema shimo ndilo lililommeza. Kumbe ni mimi, kwa mdomo wangu."

Nyie mnaishi na maneno kama hayo mkiyatupia kicheko na kikatuni cha machozi. Kwetu mama akisema amemla mtoto wake, hata kama anasema kwa uchungu tu, neno hilo linaweza kutoka nje ya kibanda na kumtangulia nyumbani, na likifika linaitwa uchawi. Nilikwenda kufunga mlango. Niliogopa kwa ajili yake, na nilimhurumia.

Nilipogeuka Bukuru alikuwa ameinama chini ya meza anatafuta. Aliibuka na kaseti za majaribio.

"Alifanya jaribio," akasema. "Kila mtu alifanya."

Hatukuwa tumewahi kuzisikiliza. Bukuru alikataza, alisema watu wale hawakuja kuimba. Na kwa kuwa hatukuandika nani yuko wapi, ilitubidi tupite kwa wote.

Wakaanza kusema. Naitwa fulani, leo nimekula ugali kwa migebuka. Naitwa fulani, leo nimekula wali wa shemeji. Naitwa fulani, sijala, nimekunywa uji. Baada ya kila mmoja, kile kimya. Akaja mwuza maandazi wa stesheni tuliyekuwa tumemzika mwaka ule, akasema kwa majivuno kwamba amekula maandazi yake mwenyewe, na mimi nikanusa mafuta, naapa. Akaja mvuvi wa ziwani ambaye mtumbwi wake ulionekana na yeye hakuonekana. Amekula dagaa. Mchana mweupe, jua linapenya kwenye matundu ya bati, na kibanda kinajaa watu. Sikuthubutu kutazama kigoda cha wateja.

Nikawaza, hawa hawajui. Kwao bado ni ile asubuhi, chakula bado kiko tumboni.

Mama Shija alikaa ameinamisha kichwa, anaitikia kila mmoja kwa "mm", kama unavyofanya msibani watu wanapopita kukupa pole. Kisha likaja jaribio tulilolitafuta.

"Naitwa Shija. Leo nimekula matobolwa ya mama. Yamebaki kidogo, ya njiani."

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Alimfungia mwenyewe alipotoka nyumbani, ya kwenda Mpanda na kurudi tu.

Kanda ikatembea kimya. Nilimwona mama akiinua mkono kuelekea kwenye deki, kidole kimenyooka. Akausimamisha hewani. Akaurudisha, akaukalia, mkono wote, pamoja na mwenzake. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mama anayempakulia mtu, "Kula, mwanangu. Maliza yote."

Kisha mtu mwingine akataja jina lake.

Bukuru alimtolea nakala ya yale maneno kwenye kaseti mpya. Baada ya neno la mwisho hakusimamisha mashine. Aliiacha itembee tupu, upande mzima, mpaka kanda ikafika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe. Sote watatu tulikaa tukakisikiliza kile kimya. Halafu akachukua bisibisi ndogo, akavunja vile vijino.

"Sasa mjibu unavyotaka, mama," akamwambia. "Habari zote, kila mwaka. Huwezi kumgusa tena."

Aliifunga kwenye kitambaa chake, akatushukuru, akaenda kutafuta lori. Walioipata habari yake baadaye waliniambia alikuwa anaongea na redio yake kila jioni akichambua mchele, na kwamba majirani walizoea. Bukuru naye amelala Katumba sasa. Kaseti za majaribio zilibaki kwangu.

Kwa nini nawaambia haya leo? Kwa sababu Neema ameziingiza kwenye kompyuta, nilimruhusu, kanda zilikuwa zinaota ukungu. Akaniambia kuna programu inayoondoa kimya, watu wa siku hizi hawana muda wa kusubiri. Kabla sijamaliza kusema hapana, alikuwa ameshaijaribu kwenye nakala. Wakaja wote kwa mkupuo, majina na vyakula vimekanyagana, ugali wali dagaa, kama watu wanaokimbia moto. Nimewahi kusikia mambo, lakini hilo lilinitisha.

Halafu Shija akasema maneno yake, na kikafuata kimya. Chote. Hakikukatwa.

"Programu imekosea," Neema akasema. Akatazama kioo. "Hapana, Bibi. Inasema hapa si kimya. Inasema hapa kuna mtu. Nikuongezee sauti?"

Mimi ni fundi, nina maelezo. Kanda ikikaa miaka mingi imejiviringa, sauti ya mzunguko mmoja huambukiza mzunguko wa jirani, ukasikia mnong'ono mahali pasipo na neno. Hayo ni ya kweli, na yanatosha. Deki ya Bukuru siku ile mama alipomwambia mwanawe ale ilikuwa inacheza tu, haikuwa inarekodi, na mikono ya yule mama ilikuwa imekaliwa.

Nilimwambia azime.

Aliponiuliza kama ningependa akili mnemba imshonee Shija maneno mengine, ili walau aage vizuri, nilimjibu kwa ukali ambao hakuuzoea. Shija alikwisha kusema. Kilichobaki baada yake hakikuwa pengo la kuzibwa, kilikuwa cha mama yake, na ameshakichukua.

Lakini sikutaka mtoto alale na hofu. Nikatoa ile redio ya zamani, nikatia mawe mapya, nikaweka kaseti ya mwisho ya majaribio, ina nafasi kidogo mwishoni. Nikabonyeza vitufe viwili.

"Naitwa Perpetua, mama yake Sostenes. Leo nimekula ugali na kisamvu, kapika Neema, chumvi imezidi."

Neema akacheka, akataka kusema kitu. Nikamwekea kidole mdomoni. Nikaiacha kanda itembee. Mkiipata siku ambayo mimi sipo, msikate kimya.